Nilidhani unesi ni kuchoma sindano tu, kumbe!

Siku mdogo wangu aliponiambia kuwa anakwenda kusomea unesi, nilicheka. Tena si kile kicheko cha pembeni cha kuficha meno. Nilicheka cha kujishika mbavu, mbele ya mama na mbele ya mpangaji mwenzetu aliyekuwa akianika nguo uani. Nikamwambia, "Miaka mitatu yote unajifunza kuchoma sindano? Si uende kwa fundi cherehani hapo nje, atakufundisha kwa wiki moja!"

Hakunijibu. Alinitazama tu, akaendelea kukuna nazi.

Msomaji wangu, leo naandika haya huku nikiona aibu kidogo, maana kicheko kile nimekuja kukilipa. Nimekilipa usiku kwa usiku, pale sebuleni kwetu Tandika, nikimshikia mtoto wa watu daftari na kumuuliza maswali ambayo mimi mwenyewe nisingeweza hata kuyatamka.

Tuanze na hili la kijiweni. Pale tunapocheza drafti, karibu na stendi, kuna imani moja ambayo haiondoki hata kwa sabuni: eti unesi ni kazi ya waliofeli. Ukipata maksi za juu unakuwa daktari, ukianguka unakuwa nesi, ukianguka zaidi unakuja kijiweni kucheza drafti. Nami niliamini hivyo hivyo. Mpaka siku mdogo wangu alipoleta karatasi ya sifa za kujiunga nikaisoma mwenyewe. Wanataka cheti cha kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya manne hayo lazima Baiolojia iwemo, Kemia iwemo na Fizikia iwemo. Hesabu na Kiingereza ukiwa navyo unaongeza uzito.

Nikaenda kimya kimya kufungua bahasha yenye cheti changu. Baiolojia D, Kemia D, Fizikia... F ya kulala chali. Kwa hiyo mimi, bingwa wa kucheka, hata mlangoni nisingepita! Sikumwambia mtu siku hiyo. Nilirudisha bahasha chini ya godoro.

Basi bwana, mtoto akaanza chuo. Ni chuo kimoja cha binafsi hapa hapa jijini, jina lake halituhusu. Ada inatoka kwenye chapati za mama na kwenye visenti ninavyopata mimi kwa kuandika. Masomo yenyewe yanaitwa Diploma ya Uuguzi na Ukunga, nayo hupanda kwa ngazi zinazosimamiwa na lile baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6. Ukiishia mwaka wa pili unatoka na cheti, ukimaliza wa tatu unatoka na diploma. Wazee wanaosema "nesi daraja A" na "nesi daraja B" wanazungumzia mpango wa zamani.

Muhula wa kwanza nilidhani wanachezeana akili. Alirudi siku ya kwanza ya mazoezi, nikamuuliza, "Haya, leo mmechoma wangapi?" Akasema, "Leo tumejifunza kunawa mikono."

Kunawa mikono! Nikataka kuuliza kama ada ile inarudishwa. Lakini alinipeleka kwenye beseni akanionyesha. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba linazungushwa peke yake, kucha zinasuguliwa kwenye kiganja. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kunawa kwa maji na sabuni kunachukua kati ya sekunde 40 na 60, tangu kulowesha mpaka kukausha. Nijaribu mimi, nikatumia sekunde 7. Akasema, "Kaka, hapo umeoga kucha tu."

Ndipo akanihadithia juu ya yule mama Mwingereza, Florence Nightingale, ambaye kila mwanafunzi wa uuguzi lazima akutane naye. Mwaka 1854 alikwenda Scutari, Uturuki, kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Kumbe askari wengi zaidi walikuwa wanakufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Uchafu, mirundikano, kuhara. Yule mama hakuwa na dawa za miujiza. Alikuwa na sabuni, hewa safi, chakula na, hili ndilo lililonishangaza, hesabu. Aliandika vifo, akachora michoro ya takwimu akawaonyesha wakubwa wa serikali. Mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Siku aliyozaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Mimi nilidhani ile sherehe ya mishumaa ni mapambo tu.

Baada ya kunawa mikono ikaja kutandika kitanda. Usicheke tena! Kuna kitanda kitupu, kuna kitanda cha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, na kuna kile kinachotandikwa huku mgonjwa amelala juu yake, hawezi kusimama. Hicho cha mwisho alikuwa akikifanyia mazoezi nyumbani, na mgonjwa nilikuwa mimi. Ananigeuza ubavu mmoja, anakunja shuka kuukuu kuja mgongoni kwangu, anatandika jipya nusu, ananibiringisha upande wa pili. Mara ya kwanza nilibiringika moja kwa moja mpaka sakafuni. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mtoto hakucheka. Alikasirika kweli, akasema mgonjwa wake angekuwa amevunjika nyonga. Akaniambia pia kwamba asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo nyama inayogandamizwa inaoza na kuwa kidonda, akiwa hai hivyo hivyo. Nilinyamaza. Babu yetu alikufa na vidonda vya namna hiyo mgongoni, na sisi tukasema ni uzee.

Basi, nikaanza kuyafungua yale madaftari. Mwili wa binadamu una mifupa 206 na lazima wajue kila mmoja umekaa wapi. Kuna somo la vijidudu na minyoo. Kuna huduma ya kwanza. Kuna saikolojia, lishe, kompyuta, namna ya kuzungumza na mgonjwa, maadili ya kazi. Mwaka wa pili mzigo unaongezeka: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, afya ya akili, afya ya jamii, ukunga, na lile dude linaloitwa famakolojia, yaani elimu ya dawa. Kila baada ya madarasa wanatupwa wodini kwa mazoezi, na kila kazi aliyoifanya inaandikwa kwenye kitabu maalumu mpaka msimamizi atie saini. Hana saini, hajafanya. Nimeshamwona akikipapasa kitabu hicho kwenye mkoba kama mtu anayepapasa nauli kwenye daladala.

Wenzangu mtaani nao walishaanza kumwita "dokta". Hapo ndipo vituko vilipoanza. Alinunua kipimo cha presha Kariakoo, wamechangiana na wenzake wawili, akawa anapima nyumba nzima. Mzee mwenye nyumba akasoma 170 kwa 100. Akapimwa tena kesho yake, juu vile vile. Mtoto akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo babu, nenda zahanati kesho asubuhi, usingoje kichwa kiume." Mzee alikwenda, sasa anameza vidonge vyake kila siku. (Kodi ya chumba haikushuka hata senti, kama ulikuwa unataka kuuliza.)

Lakini jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja usiku na sindano mkononi na kichupa cha dawa alichouziwa dukani. Anataka achomwe, maana zahanati kuna foleni. Mdogo wangu akakataa. Mama yule akabembeleza, akatoa shilingi elfu mbili, mwisho akakasirika: "Sasa unasomea nini?" Akajibiwa, "Mama yangu nisamehe, mimi ni mwanafunzi, sijasajiliwa. Na hiyo dawa sijui umeandikiwa na nani." Jirani aliondoka akisonya, na kwa mwezi mzima chapati za mama hazikununuliwa na nyumba ile.

Mimi nililaumu. Elfu mbili ni elfu mbili! Akanieleza kwamba kuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hata akishamaliza chuo na kushinda, hawi muuguzi mpaka Baraza limsajili na kumpa leseni. Na leseni ikitolewa inaweza kunyang'anywa. Alikuwa akieleza kwa sauti ya upole, kama anazungumza na mgonjwa, nami nikajihisi hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mwaka wa pili alipata sapu. Msomaji usiyepita chuo, sapu ni mtihani wa marudio: umeanguka, unapewa nafasi moja ya kujikomboa. Ukianguka tena unarudia somo, na kurudia ni muda na ada nyingine. Kwetu ada nyingine ilikuwa haipo. Mama alisikia habari ile akiwa mbele ya jiko la mkaa. Aligeuza chapati, akasema "Haya," basi. Ukimjua mama yangu, "haya" ya namna ile ni mbaya kuliko matusi.

Alianguka famakolojia, na alianguka kwa sababu ya hesabu za dozi. Alinionyesha swali lenyewe. Mtoto ana uzito wa kilo 14, ana malaria kali, anatakiwa kuchomwa artesunate. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo 3 mara 14 ni miligramu 42. Hapo alipata. Kichupa kina miligramu 60 za unga, ukishauchanganya na vimiminika vyake kwa sindano ya mshipa unapata mililita 6, maana yake kila mililita ina miligramu 10. Utavuta mililita ngapi? Jibu kwa hesabu ya karatasi ni 4.2. Yeye kwa haraka na woga aliandika 42.

Nukta tu! Nikamwambia, "Hiyo si wangekupa nusu maksi? Njia ulikuwa nayo."

Akaniangalia macho yakiwa mekundu. "Kaka, huyo mtoto angepewa nusu ya nini?"

Sikuwa na la kusema. Tangu usiku ule nikawa mwalimu wa hesabu, mimi niliyepata F ya Fizikia na Hesabu iliyoponea chupuchupu. Tulikuwa na wiki tatu. Mama akilala tunakaa sebuleni. Umeme ukikata au Luku ikiisha, tunawasha tochi ya simu na kuisimamisha ndani ya glasi. Miligramu kuwa gramu, gramu kuwa mikrogramu, mililita, uniti. Nilikuwa nabuni wagonjwa. "Bibi wa kilo 48." "Dereva wa bodaboda wa kilo 70." Akikosea nasema, "Umeshamuua," naye anaanza upya. Baadaye akaniomba niache neno lile. Alikuwa ameshashuhudia mtu akikata roho wodini, na ameshashika kazi ya kumfunga macho na kumsafisha. Siku ile alirudi akaoga, akakataa kula, akalala na viatu. Mimi nilikuwa nimedhani ana ugomvi na bwana'ke.

Dripu ndizo zilimsumbua zaidi. Swali lake hutoka hivi: lita moja ya maji iingie kwa mgonjwa kwa saa 8, mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone mangapi kwa dakika? Unachukua mililita 1000 mara 20, unagawa kwa dakika 480, unapata 41 na kitu, unasema 42. Kwenye karatasi alikuwa ameshaiweza, lakini akaniambia kwamba wodini hakuna karatasi, kuna kigurudumu kidogo cha kubana mpira na mgonjwa anayekutazama. Mashine za kuhesabu zenyewe hazipo kila mahali. Lazima jicho lizoee matone 42 yanavyodondoka.

Tukatengeneza dripu yetu. Chupa ya maji ya kunywa, nikaitoboa kizibo kwa sindano ya kushonea, nikaininginiza kichwa chini kwenye msumari wa kalenda, chini tukaweka kopo la rangi. Tii... tii... tii... Yeye anahesabu, mimi naangalia saa. Tunalegeza kizibo, tunakaza. Matone 60, mengi mno. Matone 30, machache. Usiku wa tatu mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, akapiga kelele kuwa bati letu linavuja na tumwite mwenye nyumba. Tulicheka kwa kuziba midomo kwa kanga ya mama.

Mama alikuwa halali. Hilo tulilijua baadaye. Alikuwa anatusikiliza.

Usiku mmoja, tukiwa tumebakiza siku chache, mtoto alichoka na dozi akasema apumzike kwa kusoma ukunga, somo analolipenda. Akatoa karatasi kubwa yenye vijimraba, inayoitwa patografu. Nikamuuliza ni nini. Akaanza kueleza, na mimi nitajaribu kukueleza kama nilivyoelewa.

Mama akishashikwa na uchungu, muuguzi hapaswi kubahatisha kwa macho. Anachora. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaandikwa kila nusu saa, ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Uchungu unahesabiwa. Presha ya mama, joto lake, mkojo wake. Na njia inavyofunguka inawekwa alama ya X, kutoka sentimita 4 kwenda 10. Kwenye karatasi kuna mistari miwili inayopanda kwa mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari: unapanda sentimita moja kwa saa. Alama za X zikiwa kushoto kwake, mambo ni mazuri. Zikivuka kwenda kulia, fungua macho. Mstari wa pili umewekwa saa 4 mbele, huo ni wa kuchukua hatua. Ukifikiwa, si wakati wa kusema "subiri kidogo", ni wakati wa daktari, upasuaji au gari la rufaa. Mistari hii ilibuniwa na madaktari wawili, Philpott na Castle, mwaka 1972, hapa hapa Afrika, kule Rhodesia ambayo leo ni Zimbabwe, ili mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue mapema nani wa kupelekwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya kuchukua nafasi yake, na mdogo wangu anasema siku hizi uchungu wenyewe huhesabiwa kuwa umekolea kuanzia sentimita 5. Lakini kwenye mazoezi yao wameanza na hii ya zamani.

Alikuwa bado anaeleza, pazia likafunguka. Mama amesimama, amejifunga kanga kifuani.

"Hebu nichoree na mimi," akasema.

Tukadhani anatania. Mama yetu alizaa mara tatu. Mimi wa kwanza, mdogo wangu wa pili, na mwaka 2009 akapata mimba ya tatu ambayo hatukuletewa mtoto. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alitoka usiku na gari la kukodi, akarudi baada ya siku mbili mikono mitupu, na watu wazima wakatufukuza uani. Tangu hapo haikuzungumzwa. Kabisa.

Akakaa kwenye mkeka. Akasema hakumbuki saa, anakumbuka adhana, maana msikiti ulikuwa karibu na hospitali ile. (Jina lake nalihifadhi.) Adhana ya alfajiri, walimpima wakamwambia njia nne. Mtoto akatia X kwenye saa 11 na nusu alfajiri. Akapimwa tena lini? "Adhuhuri. Sista akasema sita, bado mama, vumilia." X ya pili, saa 6 na nusu mchana. Halafu? "Halafu alasiri ilipita hakuja mtu. Walikuwa wawili tu na wodi imejaa, sakafuni tumelala. Magharibi ndiyo mtoto akatoka. Hakulia."

Mdogo wangu alikuwa ameshika rula. Akavuta mstari wa tahadhari kuanzia ile X ya kwanza: unafika 10 saa 5 na nusu asubuhi. Akavuta wa pili: saa 9 na nusu alasiri. Kisha akaangalia ile X ya adhuhuri. Kwa sentimita 6, mstari wa pili ulikuwa umepitwa tangu saa 5 na nusu. Saa nzima kabla hata hajapimwa. Kutoka hapo mpaka magharibi ni saa 6 tupu.

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilitaka kusema maneno makali juu ya wale manesi. Mdogo wangu akanigusa mguu.

Mama akauliza, "Kwa hiyo si ile ndoo?"

"Ndoo gani mama?"

Akaeleza. Siku moja kabla ya uchungu alibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, maana maji yalikuwa yamekatika kwetu. Baada ya msiba ule shangazi yetu mmoja alimwambia ndoo ndiyo iliyomnyonga mtoto. Na mama aliliamini neno hilo. Miaka yote hiyo, msomaji. Sisi tunakua, tunacheza, tunadai hela ya shule, na mwenzetu anatembea na ndoo mbili kichwani.

Mdogo wangu hakumwambia kwamba fulani ana makosa. Alisema, "Mama, mimi sikuwepo, na karatasi hii nimechora kwa kumbukumbu za adhana. Siwezi kukuambia mtoto alikufa kwa nini. Ila uchungu wako ulikwama, na kubeba maji siku moja kabla hakukwamishi uchungu. Ndoo haimo humu." Akamwonyesha karatasi, kijimraba kwa kijimraba, kana kwamba mama atakagua kama kweli haimo.

Mama aliiangalia muda mrefu. Akaomba apewe. Ameikunja ameiweka pamoja na kadi zetu za kliniki, zile za mimi na mdogo wangu. Kisha akasema tuzime taa, Luku inakwisha.

Nimefikiri sana juu ya wale manesi wawili wa mwaka 2009. Kijiweni tunawatukana manesi kila siku, eti wana midomo, eti wanajisikia. Na wapo kweli wenye midomo, hilo silipingi. Lakini wawili, wodi imejaa mpaka sakafuni, kila mmoja achorewe karatasi yake na kusikilizwa moyo wa mtoto kila nusu saa! Piga hesabu hiyo. Mimi nimeipiga, haigawanyiki. Mambo yamebadilika, hilo nalo tulisema: utafiti wa taifa wa 2015-16 ulihesabu vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukapata 104.

Sapu alipita. Swali la artesunate halikutoka, likatoka la dripu, na akaniambia alipokuwa akiandika alikuwa anasikia kopo la rangi.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Wamehamia kwenye mambo mazito: uzazi wenye hatari, wagonjwa mahututi, namna ya kusimamia wodi na kupanga zamu, utafiti. Kuna kipimo kimoja anachokipenda, kilichobuniwa na daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Virginia Apgar, akakitangaza mwaka 1953. Mtoto akitoka anapewa maksi dakika ya kwanza na dakika ya 5: rangi, mapigo ya moyo, anavyoshtuka akiguswa, anavyojikunja, anavyopumua. Kila kimoja sifuri mpaka 2, jumla 10. Nikamwambia mtani wangu mmoja kijiweni kwamba huo ndio mtihani wa kwanza wa binadamu, akajibu, "Basi mimi nilianza kufeli hapo hapo." Siku hizi pale kijiweni wakisema unesi ni wa waliofeli, nawauliza: lita moja, saa 8, matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Kimya. Wanahamisha kete.

Ile bahasha yangu nimeitoa chini ya godoro. Mama aliiona siku ya kufanya usafi, akaisoma, akaniuliza Fizikia inarudiwaje. Nimeuliza, inawezekana kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sijajiandikisha. Nimeazima kitabu cha kidato cha tatu, nimefika sura ya pili, na bado sijaelewa vizuri. Mdogo wangu anasema wanaume darasani kwao wapo na hakuna anayewashangaa. Tutaona.

Mwezi huu yuko wodi ya wazazi. Anatoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi daladala, gauni limepigwa pasi, saa ya mshale wa sekunde ameibana kifuani. Mama alimnunulia kwa pesa za chapati. Anarudi jioni miguu imevimba, anakaa kwenye kigoda, na kabla hata hajapewa maji mama anauliza kutoka jikoni, kila siku swali hilo hilo:

"Leo wangapi?"

Jana alisema, "Wanne."

"Wote wamelia?"

"Wote, mama. Mmoja alichelewa kidogo, lakini akalia."

Mama akamletea maji.